Ukingo wa Paa
Dominika ya Ishirini na Sita ya Mwaka B



Injili ya Dominika hii yatuonya vikali juu ya mtu amkwazaye mmojawapo wa wadogo. Twazoea kudhani kwamba kumkwaza mtoto ni kumpiga, kumtukana au kumfundisha maovu. Leo napenda tutafakari kosa jingine, litendekalo pasipo mtu kumgusa mtoto hata kwa kidole: kumlea mahali pa hatari huku tukijua.

Mwezi Desemba mwaka 1995, siku moja baada ya Noeli, nyumba moja huko California, Marekani, iliwaka moto. Ndani yake palikuwa pakipikwa methamfetamini, dawa ya kulevya itengenezwayo kwa kemikali kali na vimiminika vishikavyo moto upesi. Watu wazima waliokolewa na miguu yao. Watoto watatu wadogo walikufa. Mama yao hakukusudia kuwaua. Hata hivyo mahakama ilimtia hatiani kwa mauaji.

Hata pasipo moto, nyumba ya namna hiyo hudhuru. Mvuke wa kemikali hutua ukutani, juu ya matandiko na vitu vya kuchezea. Mtoto mchanga hutambaa sakafuni, kisha hutia mikono kinywani. Tena, kwa kulinganisha na uzito wa mwili wake, huvuta hewa nyingi kuliko mtu mzima.

Kwa sababu hiyo watunga sheria waliona kwamba haitoshi kumwadhibu mpishi kwa kosa la dawa peke yake. Sheria ya California huongeza kifungo cha miaka 2 iwapo mtoto wa chini ya miaka 16 yupo katika nyumba ya kupikia, na miaka 5 iwapo mtoto huyo ameumia vibaya. Sheria ya taifa zima la Marekani, iliyotiwa saini mwaka 2006, yaruhusu nyongeza ya hadi miaka 20 ikiwa mtu wa chini ya miaka 18 yupo au anaishi mahali hapo; na nyongeza hiyo hutumikiwa baada ya kifungo cha kosa lenyewe, si pamoja nacho. Angalieni neno hilo: yupo. Sheria haingoji mtoto aungue ndipo inene.

Je, wazo hili ni geni kwetu tusomao Maandiko Matakatifu? Hasha. Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, ajengaye nyumba huagizwa kuweka ukingo kuzunguka paa lake. Nyumba za nchi ile zilikuwa na paa bapa, na watu walikaa juu yake. Mtu akianguka kwa kukosekana ukingo, damu yake ni juu ya mwenye nyumba, ingawa hakumsukuma.

Labda mmoja wenu asema moyoni: hayo ni mambo ya Marekani. Lakini ni nani kati yetu asiyejua mtambo wa gongo uliofichwa nyuma ya nyumba? Mtoto huchochea kuni, hupeleka chupa kwa wateja, na usiku huamshwa na kelele za walevi. Gongo si methamfetamini, lakini paa ni lile lile lisilo na ukingo. Mama hujitetea: napika ili nipate ada ya shule. Tusimdharau, maana umaskini wake ni wa kweli. Walakini mtoto alipiwaye ada kwa kuhatarisha uhai wake ameilipa ada hiyo mwenyewe.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ulioridhiwa na Tanzania mwaka 1991, wazitaka serikali katika ibara ya 33 kuzuia watoto wasitumiwe katika kutengeneza na kusafirisha dawa za kulevya. Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 yamwajibisha mzazi kumkinga mtoto na hatari za mwili na za maadili. Tena yampa mwanajamii ajuaye kwamba haki za mtoto zinavunjwa wajibu wa kutoa taarifa kwa serikali ya mahali pake. Basi jirani asemaye, “Si mwanangu,” hajajitoa katika wajibu huo.

Ninyi makatekista mnamwona mtoto ajaye mafundishoni akisinzia, nguo zake zikinuka moshi na pombe. Msimhoji mbele ya wenzake, wala msimfanye shahidi dhidi ya mama yake. Mwendeeni mzazi pamoja na mzee wa jumuiya ndogo ndogo. Mzungumze naye kwa heshima, na jumuiya imtafutie mtaji wa kazi halali. Lakini mkiona uhai wa mtoto u hatarini, msingoje mazungumzo yaishe: toeni taarifa siku ile ile.

Juma hili, kila jumuiya ijiulize: katika mtaa wetu, ni mtoto gani alalaye juu ya paa lisilo na ukingo? Tukisha kumjua, tusirudi nyumbani tukanyamaza.

Mungu Mwenyezi awabariki, Baba na Mwana na Roho Mtakatifu. Amina.