Homa ya Usiku, Dawa ya Dukani na Wajibu Wetu kwa Jirani



Ndugu wapendwa, kuanzia Mikindani hadi Msimbati na vijiji vya mlango wa mto Ruvuma, familia nyingi zinaifahamu hali hii: mtoto anapandwa na homa baada ya jua kutua, zahanati imekwisha kufungwa, na nauli ya bodaboda kwenda mjini ni kubwa. Mzazi hubisha hodi kwenye duka la dawa, au huchukua vidonge vilivyobaki nyumbani. Huenda akampa mtoto kiuavijasumu, yaani antibiotiki, kama vile amoksilini. Dawa hiyo huua bakteria. Haiui virusi vya mafua wala vimelea vya malaria.

Maduka ya dawa muhimu si adui zetu. Mpango wake ulianzia mkoani Ruvuma mwaka 2003, ili walio mbali na famasi wapate dawa salama kutoka kwa watoaji dawa waliofunzwa. Hata hivyo, mtoa dawa si tabibu, na homa haijitaji jina. Malaria, nimonia na maambukizi ya njia ya mkojo, yote yaweza kuanza kwa joto la mwili. Ndiyo maana tangu mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani linaelekeza kwamba malaria ithibitishwe kwa kipimo kabla ya kutibiwa.

Kutumia dawa bila kipimo, au kuikatisha kabla ya siku zilizoagizwa, kunaweza kuzaa usugu. Wengi wetu tunaikumbuka klorokwini, uchungu wake na mwasho wake. Vimelea vya malaria viliizoea, na mwaka 2001 nchi yetu ikaacha kuitumia kama tiba ya kwanza. Ikaingia SP, nayo mwaka 2006 ikaipisha dawa mseto. Bakteria nao huzoea vivyo hivyo. Inakadiriwa kwamba mwaka 2019 watu milioni 1.27 duniani walikufa moja kwa moja kwa sababu ya bakteria sugu.

Hapa ndipo jambo hili linapogusa dhamiri. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2288, yafundisha kwamba uhai na afya ni amana kutoka kwa Mungu, tuitunze tukizingatia pia mahitaji ya wengine na manufaa ya wote. Bakteria sugu haibaki katika nyumba moja. Yaweza kumfikia mama aliyejifungua au mtoto mchanga wa jirani. Naye Yoshua bin Sira, sura ya 38, anatuagiza kusali na pia kumpa tabibu nafasi yake.

Basi, tufanye nini? Mtoto mwenye degedege, anayepumua kwa shida, anayetapika kila kitu, asiyeweza kunyonya au aliyelegea asisubiri asubuhi wala asiishie dukani: apelekwe hospitali usiku huohuo. Asiye na dalili hizo apewe maji na dawa ya kushusha homa kwa kipimo cha umri wake, kisha apimwe mapema asubuhi. Vidonge vilivyobaki visitunzwe wala kugawiwa.

Tusimlaumu maskini aliyekosa nauli. Kila Jumuiya Ndogo Ndogo ya Kikristo yaweza kuweka mfuko wa nauli ya dharura na kumteua mwenye chombo cha usafiri atakayeitwa usiku. Huo nao ni upendo wa jirani.