Siku 35 Baada ya Lango la Gereza

Mfungwa anayemaliza kifungo chake England au Wales hutoka na vitu vichache: nguo alizoingia nazo, akiba iliyosalia katika akaunti yake ya gerezani, nauli ya kumfikisha kwao, karatasi ya masharti ya kuripoti kwa ofisa wa probesheni anayewasimamia walioachiwa, na ruzuku ya kujikimu. Kwa zaidi ya miaka 20 ruzuku hiyo ilibaki pauni 46. Nauli zilipanda, mkate ulipanda, kodi za nyumba zilipanda, ruzuku haikusogea. Agosti 2021 iliongezwa hadi pauni 76, na tangu hapo imekuwa ikipandishwa kufuata mfumuko wa bei.

Mjadala mwingi huishia kwenye kiasi hicho: ni kikubwa mno kwa mkosaji, au ni kidogo mno kwa binadamu? Anayeusoma mfumo wa mafao kwa makini huona kwamba tatizo zito zaidi liko kwenye kalenda. Mtu anapofungwa, mafao hukatwa upesi. Anapoachiwa, huchukua wiki kadhaa kurudi. Ruzuku ile ndogo imepewa kazi ya kuziba pengo ambalo halikuumbwa na mfungwa bali na utaratibu wenyewe wa malipo.

Msingi wa kukata mafao unaeleweka. Serikali tayari inamlisha mfungwa, inampa malazi na matibabu, kwa hiyo haitaki kulipa mara mbili kwa hitaji moja. Sheria ya hifadhi ya jamii ya mwaka 1992 inamwondolea aliyefungwa haki ya kupokea mafao mengi. Universal Credit, fao kuu la watu wasio na kazi au wenye kipato kidogo, husimama. Malipo ya watu wenye ulemavu, Personal Independence Payment, hukoma baada ya siku 28 gerezani, hata kama mhusika bado ni mahabusu anayesubiri kesi. Pensheni ya serikali hailipwi kwa anayetumikia kifungo. Mahabusu mzee husimamishiwa pensheni yake, lakini kesi ikiisha bila yeye kuhukumiwa kifungo, hulipwa malimbikizo yake.

Sehemu yenye madhara ya muda mrefu ni nyumba. Mpangaji anayelipiwa kodi kwa utaratibu wa zamani wa Housing Benefit anaweza kuendelea kulipiwa kwa hadi wiki 52 akiwa mahabusu, na hadi wiki 13 akiwa amehukumiwa. Kwa Universal Credit, mtu asiye na mwenza ambaye tayari alikuwa akilipiwa kodi anaweza kuendelea kwa hadi miezi 6. Muda huu si zawadi ya kila anayefungwa. Kinachohesabiwa ni muda anaotarajiwa kukaa ndani. Aliyehukumiwa kifungo ambacho tangu mwanzo kinaonekana kitavuka kikomo hapati hata wiki ya kwanza. Kodi huanza kulimbikizana akiwa bado anajifunza jina la bweni lake, na siku ya kutoka hukuta mlango una kitasa kipya na deni lenye jina lake. Deni hilo baadaye humnyima nyumba nyingine, kwa sababu mwenye nyumba au halmashauri huuliza kwanza historia ya malipo.

Je, hawezi kujiwekea akiba akiwa ndani? Kanuni za malipo ya wafungwa zinaweka kima cha chini cha pauni 4 kwa wiki kwa anayefanya kazi, pauni 3.25 kwa aliyestaafu au mgonjwa wa muda mrefu, na pauni 2.50 kwa aliye tayari kufanya kazi lakini haipo ya kumpa. Magereza yanaruhusiwa kulipa zaidi na baadhi hufanya hivyo, lakini fedha hiyo ndiyo hununua dakika za simu, sabuni na chai. Anayempigia mtoto wake kila jioni hana cha kubakiza.

Sasa ifike siku ya kuachiwa. Mshauri wa kazi kutoka Wizara ya Kazi na Pensheni anaweza kumsaidia mfungwa kuandaa taarifa zake akiwa bado ndani, ila dai lenyewe la Universal Credit huanza rasmi akishatoka. Kuanzia hapo malipo ya kwanza huchukua takriban wiki 5: mwezi mmoja wa kupima kipato, kisha siku chache za kuandaa fedha. Ukizigawa pauni 76 za mwaka 2021 kwa siku 35, unapata takriban pauni 2.17 kwa siku, kabla hajalala popote.

Serikali hujibu kwamba upo mkopo wa awali, na ni kweli. Mdai anaweza kuomba hadi kiasi chote cha malipo ya mwezi wa kwanza, akakipata ndani ya siku chache. Kwa mtu mmoja mwenye miaka 25 au zaidi, kiwango cha msingi katika mwaka wa fedha wa 2025/26 kilikuwa pauni 400.14 kwa mwezi. Akikopa zote na kurejesha kwa miezi 24, atakatwa karibu pauni 17 kila mwezi kwa miaka 2, kutoka kwenye fao ambalo tayari limepangwa kuwa kiwango cha chini cha kuishi. Kwa hiyo mtu huyu anaanza maisha mapya akiwa na deni, na anayemdai ni serikali ile ile iliyomwachia.

Mkopo nao una masharti. Unahitaji akaunti ya benki, kitambulisho kinachokubalika, barua pepe na simu. Ni vitu vya kawaida kwa aliye uraiani, lakini kwa aliyekaa ndani miaka 4, kitambulisho kimepitwa na muda, laini ya simu imefungwa na nywila ya barua pepe imesahaulika.

Halafu kuna Ijumaa. Tarehe ya kuachiwa inapoangukia Jumamosi, Jumapili au sikukuu, sheria huirudisha nyuma hadi siku ya kazi iliyotangulia. Matokeo yake, karibu theluthi moja ya wafungwa wote walikuwa wakitoka Ijumaa. Aliyetoka siku hiyo alitakiwa kuripoti probesheni, kuzungumza na kituo cha ajira, kwenda halmashauri kuomba makazi, na kama anatumia dawa za kumwondoa kwenye uraibu, kumwona mtoa dawa, yote kabla ofisi hazijafungwa mchana huo. Aliyefungwa mbali na kwao alimaliza nusu ya siku ndani ya treni. Uskoti ilitunga sheria mwaka 2015 inayoruhusu mfungwa aachiwe siku chache mapema. England na Wales zilifuata mwaka 2023, kwa muswada binafsi wa mbunge Simon Fell: sasa anayekabiliwa na ugumu wa kurejea uraiani anaweza kuachiwa hadi siku 2 za kazi mapema, ili asitoke Ijumaa. Mabadiliko hayo hayakuongeza pauni hata moja kwenye ruzuku. Yaligusa kalenda tu, na hilo peke yake lina thamani.

Kwa wasio na pa kulala, serikali ilianzisha mwaka 2021 makazi ya muda ya hadi usiku 84 kwa watu walio chini ya probesheni, kwanza katika kanda 5, kisha nchi nzima. Ni hatua njema. Lakini neno “probesheni” ndilo linaloamua nani aingie, na wapo wanaoachwa nje kabisa.

Wa kwanza ni wale ambao hawakustahili kufungwa. Andrew Malkinson alihukumiwa mwaka 2004 kwa ubakaji ambao hakuutenda, akakaa gerezani miaka 17. Mahakama ya Rufani ilifuta hukumu yake Julai 2023, baada ya ushahidi wa vinasaba kumwelekea mtu mwingine. Kesi yake iliwafumbua wengi macho kuhusu utaratibu wa ajabu: aliyefungwa kwa makosa angeweza kukatwa sehemu ya fidia kama gharama za chakula na malazi aliyopewa gerezani, jambo lililobarikiwa na mahakama ya juu kabisa mwaka 2007 katika kesi ya Michael O'Brien na wenzake. Agosti 2023 waziri wa sheria wa wakati huo, Alex Chalk, aliyafuta makato hayo. Hata hivyo Malkinson aliendelea kuishi kwa mafao, na malipo yake ya awali ya fidia yalikuja mwaka 2025. Aliyefutiwa hukumu hana ofisa wa probesheni wa kumpangia chochote, kwa sababu kisheria hana kosa. Mwenye hatia anapata mpango wa kurejea uraiani, asiye na hatia anapata mlango uliofunguliwa.

Wa pili ni wageni, na hapa habari inawagusa hata wasomaji wa Afrika Mashariki. Mfungwa ambaye viza yake inamzuia kupokea fedha za umma hapati Universal Credit hata akiachiwa na kubaki Uingereza. Anayekubali kurudi kwao kwa hiari ana mlango mwingine. Tangu mwaka 2006 upo mpango wa kumsaidia mfungwa wa kigeni kurejea nchini kwake, ambao kwa miaka mingi umetoa hadi pauni 1,500 kwa anayeomba akiwa bado anatumikia kifungo, na nusu ya hizo kwa anayeomba baada ya kukimaliza.

Pengo la wiki 5 linazibika. Mwaka 2012 Uingereza yenyewe iliruhusu wafungwa kufungua dai la posho ya watafuta kazi wiki kadhaa kabla ya kutoka. Nchini Marekani, gereza linaweza kuwekeana makubaliano na mamlaka ya hifadhi ya jamii ili mfungwa mlemavu au mzee asiye na kipato aombe fao lake kabla ya kuachiwa, na malipo yaanze mapema anapotoka. Tarehe ya kuachiwa kwa wengi inajulikana miezi mingi kabla. Kitambulisho, akaunti ya benki na dai vinaweza kukamilishwa ndani ya muda huo, kukiwa na ofisa mwenye jukumu na mfumo wa kompyuta unaokubali tarehe ya mbele. Hilo lingeigeuza ruzuku ya kujikimu kuwa kile jina lake linachosema: fedha ya siku za mwanzo, badala ya fedha ya mwezi mzima.

Mpaka hapo, wenye ndugu gerezani Uingereza wana mambo ya kufanya mapema. Wizara ya Kazi na Pensheni na mwenye nyumba wajulishwe wiki ile ile mtu anapokamatwa, kwa kuwa mafao yanayoendelea kuingia kimakosa hudaiwa yote baadaye. Mwenza aliyebaki nyumbani aombe kutathminiwa upya. Mfungwa aombe kuonana na mshauri wa kazi miezi kadhaa kabla ya kutoka, asingoje wiki ya mwisho. Na ndugu wa karibu wenye kipato kidogo wadai nauli za kwenda kumtembelea kupitia mpango wa serikali wa kusaidia ziara za magereza: ombi hupelekwa ndani ya siku 28 baada ya ziara, likiwa na risiti.