KWENDA, KUJA NA KURUDI KATIKA KIJAPANI

Tangu kaka yangu aende Osaka kusoma, nimekuwa nikijifunza Kijapani kwake kwa simu. Wenzangu hunicheka wakidhani lugha hiyo haina mlango wa kuingilia. Mlango upo, nao ni maneno matatu: iku, yaani kwenda, kuru, kuja, na kaeru, kurudi. Kwa adabu husemwa ikimasu, kimasu na kaerimasu.

Jueni kwanza ya kuwa kitenzi cha Kijapani hukaa mwisho wa sentensi, wala hakichukui ni-, u- wala a-. Ikimasu ni naenda, waenda, aenda, na hata nitakwenda; msikilizaji hutambua kwa mazungumzo. Nilikwenda ni ikimashita, na siendi ni ikimasen.

Kisha viko vijineno vinavyofuata jina na kuonyesha kazi yake. Hapa Mswahili ana bahati. Sisi twasema shuleni, Mjapani asema gakkō ni. Ni yao na -ni yetu hazina undugu, zimefanana kwa sadfa tu, lakini kwa kukumbuka zafaa sana. Badala ya ni waweza kusema e, ambayo, ajabu yake, huandikwa kwa herufi ya he. Chombo cha safari hufuatwa na de, mwenzi wa safari hufuatwa na to. Basi “Naenda shuleni kwa basi pamoja na rafiki” ni: Tomodachi to basu de gakkō ni ikimasu. Aendaye kwa miguu hahitaji de. Asema aruite ikimasu.

Ugumu uko kwenye kuja. Mama aniitapo jikoni, nami niko uani, hujibu, “Naja, mama!” Katika Kijapani sanifu hujibiwa ima ikimasu, “Naenda sasa,” kwa maana kuru ni kuelekea upande wa msemaji mwenyewe, na mimi siko jikoni.

Lakini neno nilipendalo zaidi ni kaeru. Sisi twaweza kurudi hata dukani kuchukua chenji iliyosahauliwa; hapo Mjapani atumia neno jingine, modoru. Kaeru ni kurudi kwako, nyumbani au nchini. Mtu akisema Tanzania ni ikimasu, aonekana msafiri tu. Akisema Tanzania ni kaerimasu, wote wajua kwao ni wapi. Huu ni mwaka wa tatu kaka yuko huko, na mama, ambaye hajui Kijapani kingine chochote, huniuliza kila baada ya simu: “Amesema lipi?” Mpaka sasa ni kaerimasu.

Huko Japani atokaye nyumbani asubuhi huaga kwa itte kimasu, “naenda kisha naja,” na waliobaki humjibu itte irasshai. Arejeapo husema tadaima, naye hupokewa kwa okaeri, neno litokanalo na kaeru hiyo hiyo.