CHUI MWEUSI: KUTOKA KITABU CHA KATUNI HADI KIBANDA CHA VIDEO

Mwezi huu ukurasa wetu wa familia unaacha kidogo mambo ya ada za shule na malaria. Tunazungumza sinema. Msicheke, jamani. Mkisoma hadi mwisho mtaona kwamba jambo hili linatuhusu kabisa.

Lilianzia kwenye kibanda cha video huko Katwe. Jumamosi moja tuliwapeleka watoto wa majirani kuangalia filamu ya Black Panther, yaani Chui Mweusi, ile iliyotoka mwaka 2018. Kama mnavyojua, kibandani filamu haiji peke yake. Kuna VJ ambaye sauti yake inapita juu ya filamu, anatafsiri kwa Kiluganda na kuchomeka utani wake mwenyewe. Watoto wetu wanajua Kiluganda kutushinda sisi, kwa hiyo wao ndio walikuwa wanatutafsiria kwa Kiswahili. Hadithi ilitoka Marekani, ikapita kwa VJ, ikapita kwa mtoto, ndiyo ikatufikia.

Tulipokuwa tunarudi nyumbani, mvulana mmoja wa miaka kumi na moja akauliza: "Hao watu wa Wakanda, sisi wangetupokea?"

Watu wazima wote tulinyamaza. Tukamwambia atajibiwa baadaye. Ndipo tukaona ni vizuri tuifuate hadithi yenyewe hadi ilikotoka, tujue ilianzaje na imebadilika vipi. Haya ndiyo tuliyoyakuta.

Mwaka 1966

Chui Mweusi alizaliwa katika kitabu cha katuni kilichoitwa Fantastic Four, toleo la 52, lenye tarehe ya Julai 1966. Waliomtunga ni Wamarekani wawili, Stan Lee mwandishi na Jack Kirby mchoraji. Walimpa jina T'Challa, mfalme wa Wakanda, nchi ya Afrika ambayo haipo kwenye ramani yoyote ya kweli. Nchi hiyo ina madini yaitwayo vibranium, na kwa madini hayo imejenga mashine ambazo hata Marekani haina. Wakati huo vitabu vya katuni vilizoea kumwonyesha Mwafrika akiwa msituni na mkuki tu, kwa hiyo mfalme mweusi mwenye akili na utajiri lilikuwa jambo geni.

Hapa Kampala mwaka huo huo ulikuwa na habari nyingine. Mwezi wa Mei 1966 jeshi la serikali lilishambulia ikulu ya Mengo, na Kabaka Mutesa II akatoroka. Alipita Kongo na Burundi hadi Uingereza, na akafia London mwaka 1969. Kumbe wakati katuni ya mfalme asiyeguswa na mtu inauzwa Marekani, mfalme wa kweli wa hapa alikuwa mkimbizi kama sisi. Kukimbia hakuchagui mtu, ndugu zetu.

Wakanda ya vitabu vya katuni ilijivunia jambo moja: haikuwahi kutekwa, na mgeni haingii ovyo. Mlango umefungwa. Jambo hili tulikumbuke, kwa maana tutalirudia.

Mtoto aliyeachwa nje

Kuanzia 1973 mwandishi Don McGregor alipewa kazi ya kumwandikia T'Challa hadithi zake mwenyewe. Zilitoka katika gazeti la katuni lenye jina lisilopendeza, Jungle Action, na sehemu kubwa zilichorwa na Billy Graham, Mmarekani mweusi. Hadithi yao ndefu ikaitwa Panther's Rage. Ndani yake mfalme anarudi nyumbani baada ya kukaa sana ugenini, anakuta watu wake wamekasirika na nchi inawaka moto. Anayeongoza uasi anaitwa Killmonger.

Huyu Killmonger ni nani? Ni mtoto wa Wakanda. Jina lake la kuzaliwa ni N'Jadaka. Aliondolewa nchini angali mdogo kwa sababu ya vita, akakulia Harlem, New York, huku anaona kwamba nchi yake ilimsahau. Mwaka 2018 mwongozaji wa filamu, Ryan Coogler, alimchukua mtu huyu karibu mzima mzima. Hata lile tendo la kumtupa mfalme kwenye maporomoko ya maji limetoka kwenye katuni ya 1973.

Lakini Coogler alibadilisha kidogo, na hapo ndipo penye uzito. Yeye ni mtu wa eneo la Oakland, California, basi akamhamishia Killmonger huko. Tena katika filamu kosa si la adui wa nje. Mfalme T'Chaka, baba yake T'Challa, alimuua ndugu yake mwenyewe, kisha akamwacha mtoto wa ndugu huyo Marekani, bila baba na bila kwao, ili siri ya nchi isitoke. Adui mkubwa wa Wakanda ni mtoto ambaye Wakanda ilimfungia mlango.

Wazazi mnaosoma hapa, tunajua wengi wenu mna watoto waliozaliwa nje. Wanasikia kila siku habari za Bukavu, Bunia au Bujumbura, na hawajapaona hata siku moja. Ndiyo sababu kibanda kilikuwa kimya kabisa Killmonger alipokuwa anasema. Hata VJ aliacha utani.

Walinzi wa kike na mtu wa Kampala

Mwaka 1998 alikuja mwandishi mwingine, Christopher Priest, Mmarekani mweusi. Yeye ndiye aliyeleta Dora Milaje, wanawake wanaomlinda mfalme, wakiwemo Okoye na Nakia. Katika vitabu vyake walikuwa wasichana waliochaguliwa kutoka makabila mbalimbali ili kulinda amani, na walihesabiwa kama wachumba wa mfalme. Mfalme alizungumza nao kwa Kihausa.

Filamu ilichukua walinzi ikaacha uchumba. Okoye akawa jenerali kamili. Nakia, ambaye kwenye katuni aligeuka kuwa adui, kwenye filamu ni mpelelezi anayewaokoa wanawake waliotekwa. Tunapoonana naye mara ya kwanza yuko msituni Nigeria kati ya mateka. Anamzuia mfalme asimpige mmoja wa watekaji kwa sababu ni mtoto tu, naye pia alitekwa akapewa bunduki. Waliotoka Ituri na Kivu hawahitaji maelezo hapo.

Lugha nayo ilibadilika. John Kani, mwigizaji wa Afrika Kusini aliyecheza T'Chaka katika filamu ya Captain America: Civil War ya 2016, alileta Kixhosa, na tangu hapo Kixhosa kikawa lugha ya Wakanda. Yupo pia M'Baku. Katika katuni za tangu 1969 alipewa jina la matusi, mtu-nyani, na akavalishwa ngozi ya sokwe. Filamu ililitupa jina hilo, na M'Baku akawa kiongozi wa mlimani mwenye heshima zake. Hivyo mnaona kwamba filamu haikunakili tu. Ilichagua.

Na sasa habari ya nyumbani. Kati ya walinzi hao yumo Ayo, anayechezwa na Florence Kasumba, aliyezaliwa hapa hapa Kampala mwaka 1976 na kukulia Ujerumani. Alionekana 2016, akarudi 2018, na 2021 akaonekana kwenye televisheni katika The Falcon and the Winter Soldier. Daniel Kaluuya, aliyecheza W'Kabi, amezaliwa London na wazazi wake ni Waganda. Lupita Nyong'o, aliyecheza Nakia, ni Mkenya aliyezaliwa Mexico wakati wazazi wake wako uhamishoni. Wenyeji wa Katwe wanamkumbuka kwa Queen of Katwe, filamu ya 2016 iliyopigwa mitaani kwao. Hata milima na misitu ya Wakanda inayoonekana kutoka angani, sehemu yake ni Rwenzori na Bwindi. Sisi tuliotoka upande wa pili wa Rwenzori tuliijua mara moja!

Dada anapovaa vazi la kaka

Mwaka 2005 mwandishi Reginald Hudlin na mchoraji John Romita Jr. walimwongeza Shuri, mdogo wake mfalme. Kitabu chao kikageuzwa kuwa katuni ya televisheni ya sehemu sita mwaka 2010, sauti ya T'Challa ikiwa ya Djimon Hounsou, mzaliwa wa Benin. Kabla ya hapo, mwaka 2009, Shuri alikuwa amevaa vazi la Chui mwenyewe vitabuni.

Wakati huo lilionekana jambo la kupita tu. Lakini Agosti 2020 Chadwick Boseman, aliyecheza T'Challa, alifariki kwa saratani ya utumbo mpana akiwa na miaka 43. Watengenezaji wa filamu walikuwa na msiba mkononi na hadithi isiyo na mfalme. Njia ikawa ile ile ya kitabuni. Katika Wakanda Forever ya 2022 ni dada anayevaa vazi la kaka. Filamu inaanza na mazishi. Kina dada wengi wanaosoma ukurasa huu walibeba familia baada ya kaka au baba kuondoka, na wao hawakuachiwa vazi lolote.

Filamu ya kwanza iliingiza zaidi ya dola bilioni 1.3, na mwaka 2019 ikapata tuzo tatu za Oscar, kwa mavazi, mandhari na muziki. Baadaye wengine nao walipata nafasi ya kusimulia Afrika ya kesho. Mwaka 2023 ulitoka mkusanyo wa filamu fupi kumi za katuni uitwao Kizazi Moto, jina la Kiswahili kabisa, kutoka nchi sita za Afrika. Ya Uganda inaitwa Herderboy, ya Raymond Malinga, kuhusu wachungaji wa ng'ombe wa siku zijazo. Mchungaji wa ng'ombe amekuwa shujaa wa sinema. Wazee wa Nakivale mtafurahi.

Turudi kwenye swali

Ndani ya filamu ya 2018 swali la yule mvulana limo. W'Kabi anamwambia mfalme kwamba ukiwapokea wakimbizi wataleta na matatizo yao, halafu Wakanda itakuwa kama kwingine kote. Maneno hayo yanatoka kwenye kinywa cha mwigizaji ambaye wazazi wake ni wa nchi hii inayopokea wakimbizi wengi kuliko nchi zote za Afrika, zaidi ya milioni 1.5.

Mwisho T'Challa anawaambia wafalme waliomtangulia kwamba walikosea kuipa dunia mgongo. Anakwenda Oakland, pale mtoto alipoachwa, kufungua kituo cha kuwasaidia watu. Kisha anasimama mbele ya Umoja wa Mataifa na kusema nchi yake sasa itashirikiana na wengine. Ule mlango uliokuwa fahari ya vitabu vya katuni, katika filamu umekuwa kosa la kuungamwa. Kwa maoni yetu, hilo ndilo badiliko kubwa kuliko yote.

Uganda si Wakanda. Hatuna vibranium. Sheria ya Wakimbizi ya 2006 inaturuhusu kufanya kazi na kutembea, lakini anayechagua kuishi Kampala anajitegemea, na kodi ya nyumba haimsubiri mtu. Mlioko kambini mnajua chakula kilivyopunguzwa. Hatusemi kila kitu ni kizuri. Tunasema mlango ulikuwa wazi.

Jioni moja tulimjibu mvulana wetu, mama yake akiwepo. Tulimwambia: Wakanda ya kitabu cha kwanza, hapana, isingekupokea. Wakanda ya mwisho wa filamu, huenda. Akauliza ilichukua muda gani wabadilike. Tukahesabu, 1966 hadi 2018, miaka 52.

Mama yake akacheka. Akasema: "Mimi nilivuka Bunagana asubuhi nikiwa nimekubeba mgongoni. Jioni tulikuwa na uji."

Ya kuzungumza nyumbani

Wazazi, filamu hii ina mapigano na vifo. Watoto wadogo, na wale ambao bado wanaota vita usiku, msiwaache waangalie peke yao. Mkishaiona pamoja, jaribuni maswali haya:

1. Killmonger alikuwa na haki ya kukasirika? Alikosea wapi?
2. Kama ungekuwa mfalme wa Wakanda, ungefungua mlango lini, na ungeanza na nani?
3. Nani nyumbani kwetu alivaa vazi la mwingine alipoondoka?

Watoto, chukueni daftari mchore shujaa wenu. Asiwe na mkuki wala bunduki. Michoro mpeni kiongozi wa mtaa wenu, nasi tutaitafutia nafasi.

Tukutane mwezi ujao, Mungu akitujalia.