Baada ya kuondolewa masundosundo: kidonda hupona, kirusi huweza kubaki

Upasuaji wa kuondoa chunjua za sehemu za siri, ambazo watu wengi katika Afrika Mashariki huziita masundosundo, kwa kawaida hauchukui muda mrefu. Mgonjwa huchomwa sindano ya ganzi, au hupewa nusu kaputi iwapo chunjua ni nyingi, na mara nyingi hurejea nyumbani siku hiyohiyo. Shida huanza baadaye. Jeraha liko mahali ambapo wengi huona haya kumwonyesha hata muuguzi, na haya hiyo huwafanya baadhi yao wavumilie usaha na homa hadi hali ikaharibika.

Daktari huweza kuzikata chunjua kwa mkasi au kisu, kuzichoma kwa umeme, au kutumia mwali wa leza. Kidonda cha juujuu mara nyingi hakishonwi, bali huachwa wazi kijifunge chenyewe kuanzia chini. Vidonda vidogo hufunga katika wiki moja au mbili; vikubwa, hasa vilivyo karibu na njia ya haja kubwa, huweza kuchukua wiki nne au zaidi. Katika siku za mwanzo maumivu, uvimbe, matone machache ya damu na majimaji ni mambo ya kawaida. Utando mwembamba wa rangi ya manjano juu ya kidonda huwatia watu hofu wakidhani ni usaha, ilhali mara nyingi ni sehemu ya kupona. Haufai kukwanguliwa.

Utunzaji wenyewe hauhitaji vitu vya gharama. Mgonjwa hukaa kwenye beseni safi lenye maji ya uvuguvugu kwa takriban dakika 10, mara mbili au tatu kwa siku na kila baada ya kwenda haja kubwa, kisha hujikausha polepole kwa kitambaa safi pasipo kusugua. Nguo za ndani ziwe za pamba na zisibane. Maumivu hutulizwa kwa parasetamoli au dawa aliyoandikiwa na daktari; aspirini haifai bila ushauri wake, kwa kuwa huongeza uwezekano wa kutoka damu. Aliyepasuliwa karibu na njia ya haja kubwa anywe maji mengi na ale matunda, mboga na nafaka zisizokobolewa ili choo kiwe laini, maana choo kigumu huchana upya kidonda kilichoanza kufunga. Anayesikia mkojo ukimchoma anaweza kujimwagia maji ya uvuguvugu wakati wa kukojoa.

Spiriti, jiki na dawa nyingine kali za kuua vijidudu huunguza ngozi changa inayoota. Hali kadhalika dawa za kienyeji za kuchoma, ambazo baadhi ya watu hurudia mara tu waonapo kipele kipya. Matokeo yake huwa kovu baya na kidonda kikubwa kuliko kile cha upasuaji.

Zipo dalili zisizopaswa kusubiri siku ya miadi: damu isiyokoma hata baada ya kukandamizwa kwa kitambaa safi kwa dakika 10, usaha wenye harufu mbaya, homa, maumivu yanayoongezeka badala ya kupungua, au kushindwa kukojoa. Mwenye mojawapo ya hizo arudi hospitalini bila kuchelewa.

Tendo la ndoa huahirishwa hadi kidonda kifunge kabisa. Hapa ndipo nyumba nyingi huingia kwenye mtihani, kwa sababu upasuaji huondoa chunjua zinazoonekana, wala hauondoi kirusi cha papiloma, kijulikanacho kwa herufi HPV, kilichojificha katika ngozi ya jirani inayoonekana nzima. Kwa wagonjwa wengi chunjua hurejea, hasa katika miezi mitatu ya kwanza. Kurejea huko si ushahidi kwamba mmoja wa wenzi ametoka nje ya ndoa. Hata chunjua za mara ya kwanza haziwezi kueleza nani alimwambukiza nani, kwa kuwa kirusi huweza kukaa miezi, hata miaka, kabla ya kujidhihirisha. Ndoa huvunjika kwa tuhuma ambazo hakuna kipimo kinachoweza kuzithibitisha. Kondomu hupunguza hatari ya kuambukizana, ingawa haiimalizi, kwani kirusi hupita pia kwenye ngozi isiyofunikwa nayo.

Kinga ya mwili ndiyo hatimaye hukidhibiti kirusi kwa watu wengi. Uvutaji wa sigara huchelewesha kidonda kupona. Anayeishi na VVU huweza kupata chunjua kubwa zaidi na zinazorudi mara kwa mara. Kwa hiyo kupima VVU, na kuendelea na dawa za kufubaza kwa aliyekwisha kuanza, ni sehemu ya matibabu yenyewe. Kipimo cha kaswende nacho kina umuhimu, kwa sababu ugonjwa huo huweza kuotesha vinyama vinavyofanana na masundosundo, na hivyo hutibiwa kwa dawa.

Hofu nyingine ni saratani. Aina za HPV zinazosababisha chunjua nyingi, yaani 6 na 11, sizo zinazoongoza kwa saratani ya shingo ya kizazi, ambazo ni 16 na 18. Hata hivyo mtu huweza kuwa na aina zaidi ya moja kwa wakati mmoja, hivyo mwanamke aliyetibiwa masundosundo aendelee na uchunguzi wa shingo ya kizazi kama wanawake wengine.

Katika ukanda huu, Rwanda ilianza kuwachanja wasichana dhidi ya HPV kitaifa mwaka 2011, ikafuatwa na Uganda mwaka 2015, Tanzania mwaka 2018 na Kenya mwaka 2019. Baadhi ya chanjo hizo hukinga pia dhidi ya aina 6 na 11. Chanjo haiponyi chunjua zilizokwisha kuota, na ndiyo maana hutolewa kwa wasichana wadogo, kabla hawajakutana na kirusi.