Kupamba na Kusawiri: Istilahi za Nyuso na Nywele katika Filamu na Televisheni

Makala haya yanahusu maneno ya kazi ambayo watazamaji huiona kila siku bila ya kuitambua, nayo ni kazi ya kuandaa nyuso na nywele za waigizaji mbele ya kamera. Yametokana na kisa kidogo. Mwandishi alipata kuhudhuria matayarisho ya mchezo wa televisheni wa kikundi kimoja cha maigizo. Kiongozi alimwagiza msichana aliyekuwa akijifunza kazi hiyo, "Mpambe mama." Msichana akafungua kisanduku chake, akampaka mama yule poda, akamtia wanja, akamkoleza midomo kwa rangi nyekundu, akamsuka nywele upya. Baada ya saa nzima akatoka mama wa kwenda arusini, ilhali katika mchezo alikuwa mgonjwa wa wiki ya tatu, amelala kitandani akisubiri kufa. Kiongozi alighadhibika, msichana akalia. Kwa maoni yetu kosa halikuwa lake. Aliambiwa apambe, naye akapamba.

Kiswahili hakina uhaba wa maneno ya urembo. Tunayo kupamba, kuremba, kupodoa na kukwatua; tunayo kutona hina, kutia wanja, kupaka liwa na dalia, na kumsinga bibi arusi kwa manukato. Lakini maneno yote hayo yanaelekea upande mmoja, yaani upande wa kumfanya mtu apendeze. Kazi ya filamu haina upande. Leo inataka bibi arusi, kesho inataka mlevi aliyelala mtaroni, keshokutwa inataka kijana wa miaka 25 aonekane kikongwe. Neno mekapu, ambalo limekwisha kuenea mijini, halitusaidii sana, kwa kuwa limeingia kwetu kupitia saluni na arusi, na kwa hiyo limebeba maana ile ile ya urembo. Hatuna ugomvi nalo. Na libaki huko lilikozoeleka.

Kwa kazi ya filamu tunaona linafaa zaidi neno kusawiri. Asili yake ni Kiarabu, na maana yake ni kuchora au kuonyesha umbo la kitu. Wahakiki wa fasihi wamekuwa wakilitumia kwa muda mrefu wanapozungumzia usawiri wa wahusika. Mwandishi wa riwaya humsawiri mhusika kwa maneno. Huyu wa filamu humsawiri kwa mpako, unywele na gundi. Basi kazi na iitwe usawiri wa sura, na mwenye kuifanya aitwe msawiri sura. Yamkini atatokea wa kusema kwamba sura ni mlango wa kitabu pia. Ni kweli, ila hajapata kuonekana mtu aliyechanganya uso na mlango wa kitabu.

Neno la pili linalosumbua ni rangi. Tazama sentensi hii, ambayo mwanafunzi anaweza kuambiwa siku yake ya kwanza: "Chagua rangi inayolingana na rangi yake, kisha uitazame rangi mbele ya taa." Rangi ya kwanza ni kitu kilichomo koponi, ya pili ni ngozi ya mwigizaji, ya tatu ni kile kinachoonekana kwa jicho. Tukisema "rangi ya msingi" kwa ile inayopakwa kwanza uso mzima tunaongeza utata, maana walimu wa uchoraji wanazo tayari rangi zao za msingi, nazo ni nyekundu, manjano na buluu. Tunapendekeza kitu kinachopakwa kiitwe mpako, na ule wa kwanza uitwe mpako wa msingi. Neno rangi libakie kwa jicho.

Tofauti hiyo si ya kitaaluma tu. Historia ya fani hii kwa kiasi kikubwa ni historia ya mpako kuonekana kwa rangi isiyokuwa yake. Filamu za awali, zilizokuwa za nyeusi na nyeupe, hazikuhisi wekundu. Midomo iliyopakwa nyekundu ilitokea nyeusi kama lami, na mashavu yenye damu yalionekana machafu. Mwaka 1914 Max Factor, mtengenezaji wa vipodozi na nywele za bandia aliyezaliwa Polandi na kuhamia Marekani, alitoa mpako laini wa mafuta uliofaa kamera, kwa kuwa mipako mizito ya jukwaani ilikuwa ikipasuka usoni. Katika miaka ya 1920 zikaenea filamu zenye kuhisi rangi zote, na hesabu yote ikabidi ianzwe upya. Ilipofika mwaka 1937, filamu za rangi zilipokuwa zinaanza kushamiri, kampuni yake ikatoa mpako wa kibonge uliopakwa kwa sifongo lenye maji. Kila mara kamera ilipobadilika, mpako ulibadilika nayo. Hata leo, mwanafunzi anayetazama kazi yake katika kioo cha ukutani hajaitazama bado. Hana budi kuitazama katika kioo cha kamera, chini ya taa zile zile zitakazotumiwa.

Hapa ndipo lugha yetu inapoweza kufundisha badala ya kufundishwa. Vitabu vingi vya zamani vya fani hii viliandikwa kwa kuzingatia ngozi nyeupe. Picha za kupimia rangi zilizotumiwa na maabara za picha kwa miaka mingi nazo zilikuwa za wanawake weupe. Mwanafunzi wetu akifuata vitabu hivyo neno kwa neno, humpaka mwigizaji mweusi poda yenye unga mweupe ndani yake, na uso ukatokea kama uliopita kwenye majivu. Kiswahili kina neno la jambo hilo, nalo ni kupauka. Kila mama ajuaye kumpaka mtoto mafuta asubuhi analijua. Basi na tuseme poda hii inapausha, na mpako ule haupaushi, na mwanafunzi ataelewa mara moja jambo ambalo kwa lugha ya kigeni lingehitaji aya nzima. Dawa ya mpauko si kuongeza weupe, bali ni kutumia mpako wenye wekundu, uchungwa au umanjano ndani yake, kadiri ya ngozi. Kadhalika majina ya ngozi tunayo: mweusi ti, maji ya kunde, hudhurungi, kahawia. Maji ya kunde ni jina zuri kuliko namba yoyote iliyoandikwa koponi, kwani linaeleza weusi wa kiasi wenye wekundu kwa ndani.

Tuje kwenye uzee. Mwanafunzi hufikiri kwamba kuzeesha ni kuchora mistari usoni. Sivyo. Uzee umo katika mifupa inayojitokeza na nyama inayolegea, kwa hiyo kwanza ajifunze kuupapasa uso wake mwenyewe: kipaji, panja, kituguta, taya, kidevu. Panapobonyea hutiwa kivuli, panapotokeza hutiwa mwanga. Kwa makunyanzi ipo njia nyingine: ngozi huvutwa kwa vidole, hupakwa utomvu wa mpira katika utando mwembamba, huachwa ukauke, hutiwa poda, kisha huachiliwa. Ngozi inaporudi mahali pake hujikunja yenyewe, na makunyanzi hayo husogea mwigizaji anapocheka, jambo ambalo mstari wa kuchorwa hauwezi.

Kwa majeraha lugha yetu ni tajiri hata inastaajabisha. Mchubuko si mkwaruzo, kovu si baka, chunjua si sugu, na jeraha la kichwani litokalo damu lina jina lake peke yake, ngeu. Damu iliyoganda chini ya ngozi baada ya pigo husemwa kuwa imevilia. Msawiri sura akiandikiwa katika mchezo kwamba mhusika "ameumia", hana la kufanya. Akiandikiwa kwamba damu imevilia chini ya jicho, anajua la kutafuta kisandukuni. Tena mvilio hubadilika kwa siku: huanza wekundu, ukawa zambarau, ukageuka kijani, ukaishia manjano. Mwandishi wa mchezo asiyesema pigo lilikuwa la lini amemwachia mwenzake kazi ya kubahatisha.

Mahali ambapo maneno yanaonekana kutupungukia ni pale uso unapoongezewa nyama: pua ndefu, shavu lililovimba, shingo ya mzee. Kuviita viungo vya bandia kunaleta mkanganyiko na miguu na mikono inayotengenezwa hospitalini. Tunapendekeza vibandiko, kwa sababu hubandikwa, na kwa sababu wingi wake ndio siri yake. Dick Smith, Mmarekani, alipomgeuza Dustin Hoffman kuwa mzee wa miaka 121 katika filamu ya Little Big Man ya mwaka 1970, hakumvisha barakoa moja. Alimbandika vipande vingi vilivyopandana kingo, ili uso uendelee kutembea chini yake. Bwana huyu anafaa kukumbukwa kwa jambo jingine pia. Wakati wenziwe wengi walikuwa wakificha maarifa yao kama waganga, yeye mwaka 1965 aliandika kijitabu cha maneno mepesi kilichowafundisha vijana kutengeneza nyuso za kutisha kwa vitu vya nyumbani. Baadhi ya vijana hao walikuja kuwa mafundi wakubwa.

Namna ya kupata vibandiko ni hii. Uso wa mwigizaji hupakwa uji wa alginati, kitu kitokanacho na mwani wa kahawia (si ule mwekundu unaolimwa Unguja na Pemba), matundu ya pua yakiachwa wazi. Juu yake huwekwa vitambaa vya plasta. Vikishikamana huvuliwa, na ndani yake hubaki alama ya uso. Humo humiminwa plasta, ikatoka sanamu ya kichwa. Juu ya sanamu hiyo hufinyangwa kwa udongo lile ongezeko linalotakiwa, likachukuliwa alama tena, udongo ukaondolewa, na mahali pake pakamiminwa silikoni au povu la mpira. Haya yote yana majina kwa masonara wetu tangu kale: kile chombo cha alama ni kalibu, na kumimina humo ni kusubu. Hatuoni sababu ya kukopa.

Kwa upande wa nywele hali ni tofauti, kwani hapa mitaa imetangulia na wanaistilahi hawana budi kufuata. Wigi limekwisha kukubalika, na lishike maana ya kofia nzima ya nywele. Nywele za kuungia katika msuko, ambazo wasusi huziita rasta, na nywele za kushonea, ni vitu viwili mbalimbali, wala havifai kufunikwa pamoja kwa jina la nywele za bandia. Wigi la filamu nalo si sawa na la dukani. Nywele zake hufungwa mmoja mmoja kwa kindoano juu ya wavu mwembamba kama utando, na ukingo wa wavu hugundishwa penye kipaji. Kamera za dijiti za siku hizi huuona ukingo huo zikipewa nafasi. Kazi hiyo ya kufunga tunaiita kufuma nywele, maana kusuka kuna wenyewe.

Waama, kusuka ni elimu kamili. Mabutu, twende kilioni na nywele za uzi hueleza umri, hali na zama za mhusika kabla hajafungua kinywa. Filamu ya Vuta N'kuvute ya mwaka 2021, iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi, inahusu Unguja ya miaka ya 1950; katika filamu za namna hiyo njia ya nywele iliyopasuliwa mahali pasipo pake huwaudhi wazee waliokuwapo. Ulimwengu nao umeanza kutambua elimu hiyo. Mwaka 2021 Mia Neal na Jamika Wilson, pamoja na Sergio Lopez-Rivera, walipata tuzo ya Oscar kwa filamu ya Ma Rainey's Black Bottom, wanawake hao wawili wakawa weusi wa kwanza kuipata katika fani hii.

Msuko huleta shida moja ambayo haipo jukwaani. Filamu haipigwi kwa mfuatano wa hadithi: mhusika anaweza kuingia mlangoni Jumatatu, na kutokea upande wa pili wa mlango huo huo baada ya wiki sita. Nywele huota kiasi cha sentimita 1 kwa mwezi, na msuko huinuka kutoka kichwani. Kwa sababu hiyo kila onyesho hupigwa picha ya mbele, ya pembeni na ya kisogoni, na huandikwa daftarini pamoja na majina ya mipako iliyotumika. Huo ndio mwendelezo. Daftari likiandikwa "alipambwa kama juzi", limepotea.

Limesalia neno moja ambalo vitabu hulitaja mwishoni kwa haraka, ingawa ngozi ya mwigizaji hulitambua kuliko mengine yote. Gundi ya vibandiko na ndevu aghalabu ni utomvu wa miti ulioyeyushwa katika spiriti, nao hunata kama ulimbo wa kunasia ndege; kwa hiyo ulimbo ndilo jina tunalolipendekeza. Kabla ya kuutumia, tone moja hujaribiwa mkononi siku moja mbele, kwani wapo wanaowashwa nao. Baada ya kazi hautolewi kwa kuvuta. Dawa yake hupenyezwa kwa brashi chini ya ukingo, kidogo kidogo, mpaka kibandiko kiachie chenyewe. Kitendo hiki ni kubandua, na mwanafunzi atengewe muda wake katika ratiba, hata kama taa zimezimwa na gari la kuwarudisha waigizaji linapiga honi nje.