Sigara ina kibanda chake, muguka je?

NI JUMAPILI, ndugu msomaji, na umewatoa watoto kwenda kula mkahawani, iwe ni Meru mjini au Embu. Mmeketi kwenye baraza kwa sababu ndani mna joto. Meza ya pili bwana mmoja anawasha sigara, na upepo unamletea kitinda mimba wako moshi wote puani. Je, unaweza kumwambia azime?

Naam, sheria iko upande wako. Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya mwaka 2007 inakataza kuvuta sigara katika baa, mikahawa, hospitali, masoko, nyumba za ibada na magari ya abiria. Anayepatikana na hatia anaweza kutozwa faini isiyozidi Sh50,000, au kufungwa kwa muda usiozidi miezi sita, au vyote viwili. Mwaka uo huo, Baraza la Jiji la Nairobi nalo lilipiga marufuku uvutaji katika maeneo ya umma.

Lakini mvutaji hakufukuzwa duniani. Mwenye mkahawa anaweza kumtengea sehemu yake, mbali na wateja wengine, na watoto wasiingie humo. Katikati ya Nairobi wavutaji walijengewa vibanda vyao. Tumbaku yenyewe, ambayo hata Mbeere imelimwa, haikung'olewa shambani. Sheria iliuliza maswali mawili tu: ni nani anayetumia, na anatumia wapi?

Maswali hayo ndiyo yaliyosahaulika ulipofika wakati wa kuujadili muguka.

JANI LA KARO

Miraa na muguka ni ndugu wa mti mmoja. Huko Igembe, katika Kaunti ya Meru, watu hutafuna gome la vijiti vyake, na huuita miraa. Mbeere, katika Kaunti ya Embu, huchumwa majani machanga, nayo ndiyo muguka. Bei ya muguka ni nafuu, na ndiyo maana kijana asiye na kazi huweza kuumudu.

Kwa mkulima wa Kiritiri au Siakago, jani hilo si anasa. Ardhi ya Mbeere ni kavu na mahindi hukauka mara kwa mara, lakini muguka hustahimili jua na huchumwa tena na tena. Humo ndimo mlimo karo ya shule, dawa za mgonjwa na mabati ya nyumba. Tena ni biashara ya mbio, kwani jani likinyauka halina mnunuzi. Ndiyo sababu magari ya miraa na muguka hupita barabarani kama yaliyofukuzwa na simba.

Mwisho wa safari hizo nyingi ni Pwani. Huko mzazi ana kilio chake. Mwanawe hukesha maskani hadi usiku wa manane, shavu limevimba kwa majani, huku njugu na soda zikipita mkono kwa mkono. Hana usingizi, hana hamu ya chakula, na asubuhi hawezi kuamka kwenda kazini au darasani. Je, mama huyo akilia, nani atamwambia anyamaze?

VUTA NIKUVUTE

Mei 2024, Gavana wa Mombasa, Abdulswamad Nassir, alipiga marufuku uingizaji, uuzaji na utumiaji wa muguka katika kaunti yake. Kilifi na Taita Taveta zikafuata. Magavana walikuwa na hoja, kwani Katiba ya 2010 inazipa kaunti jukumu la kudhibiti dawa za kulevya. Kabla ya mwezi huo kumalizika, Rais William Ruto alisema amri hizo hazina nguvu, kwa kuwa muguka ni zao linalotambuliwa na sheria ya taifa. Mahakama Kuu ya Embu nayo ikasimamisha marufuku hiyo kwa muda.

Wakulima wakashangilia, wazazi wa Pwani wakasononeka. Wahenga walisema fahali wawili wapiganapo, ziumiazo ni nyasi. Nyasi hapa ni mkulima wa Mbeere na mama wa Likoni.

Kweli, muguka si sigara. Mtafunaji hamjazi jirani yake moshi kifuani. Madhara yake kwa mtoto hupitia njia nyingine: macho yanayoona, na mkono unaopokea. Kwa hiyo kibanda pekee hakitoshi. Yafaa kaunti zikubaliane kwamba asiuziwe mtoto, lisiuzwe karibu na lango la shule, wala lisitafunwe ndani ya matatu yenye wanafunzi. Masharti kama hayo hayamnyimi mkulima soko, na yanampa mzazi pa kushika.

Nasi wazazi, wa bara na wa pwani, tusingoje askari wa kaunti. Baba anayetafuna mbele ya mwanawe sebuleni amekwisha kumfundisha. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Tulikubali sigara ikae pembeni, na hakuna aliyekufa njaa kwa sababu hiyo. Kwa nini tushindwe kuuweka muguka mahali pake?